Valvu Zilizopanguswa

Lavender, nakuandikia saa nne asubuhi, Gatitu, Juni 1996: valvu mbili, zile taa za kioo za redio za zamani, ziko mezani kwa Gatimu, na hakuna hata moja yenye namba. Mkewe, Tabby, amenieleza sasa hivi.

Ati alizipangusa! Kwa kitambaa na sabuni, hadi namba zikafutika!

Ile amplifaya ya hedifoni ndiyo ilikuwa masikio ya mamake Gatimu. Mtu asipoongea kwenye maikrofoni yake, mama hasikii kitu. Gatimu alikuwa amebadilisha nyaya za amplifaya, iwe ya volti kumi na mbili, kwa ajili ya valvu mpya aliyonunua sokoni Kagio. Ile ya zamani ilikuwa ya volti sita.

"Tabby, namba ziko wapi?"
"Namba gani? Ilikuwa na vumbi mingi. Si useme asante, baba."

Zilifanana kabisa. Akachomeka moja. Ikawaka weupe wa kuumiza macho, kisha ikazimika. Ilikuwa ile ya zamani ya volti sita, nzima hadi dakika hiyo.

Akachomeka ya Kagio. Ikawaka vizuri, lakini haikutoa sauti yoyote. Aliuziwa mbovu.

Nzima hadi dakika hiyo, Lavender!

Mama akavaa hedifoni, akamtazama mwanawe.
"Gatimu, si uongee."
Gatimu alikuwa akiongea.