Rilei Iliyogoma Kuachia

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi redio mbili, pasi moja, chaja ya mtu wa bodaboda. Mchana nimefunga kibanda changu cha ufundi, tumekwenda msibani na senge Milembe, dada yake baba, ninayekaa naye hapa Somanda. Kurudi jioni, mashine ya kutotolea vifaranga ina joto la kuunguza mkono. Mayai yote yameiva ndani ya maganda. Senge alivunja moja, akaliangalia, akaliweka chini. Hakulia. Ningeona afadhali alie.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua mashine. Kipima joto kizima. Balbu nzima. Ubaya uko kwenye rilei, kile kiboksi cha bluu kwenye bodi kinachowasha na kuzima balbu. Kidogo kuliko kiberiti. Nimekipasua kwa kisu.
Ndani kuna koili, waya mwembamba kama unywele umezungushwa kwenye chuma. Umeme ukipita kwenye koili, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kibati, kibati kinakutanisha visahani viwili, balbu zinawaka. Umeme ukikatwa, spring inarudisha kibati, balbu zinazimika. Ndivyo inavyotakiwa. Visahani vya hii vimeyeyuka vikaungana, balbu hazikuzimika tena. Vidogo mno kwa balbu kubwa zile. Mtu aliyetuuzia mashine kule Lamadi aliweka ilimradi.
Nimekaa nayo mkononi mpaka chai imepoa. Nani aliwaza kitu kama hiki mara ya kwanza?

Jumatano, 5 Machi
Nimemwonyesha senge visahani. Kaviangalia, kanirudishia. Anasema siku moja kabla ya msiba Mbuke alipita hapa, akasimama kwenye mashine, akayasifia mayai. Mbuke ni jirani yetu, mjane, anaishi peke yake. Kwa nini mashine ife baada ya yeye kupita? Nikasema vitu huchoka.
"Chuma hakiamui chenyewe, Kabula."
Jumamosi anakwenda kwa mganga, upande wa Ipililo, akatajiwe aliyefanya.
Naogopa. Jina analo tayari, anafuata mtu wa kulitamka. Kijijini kwetu nilimwona mama mmoja aliyetajwa kuwa mchawi. Alihama kwa miguu, godoro kichwani, watu wamesimama milangoni wanatazama. Nilikuwa mmoja wao.

Alhamisi, 6 Machi
Maduka ya mjini yana rilei ndogo zile zile. Kubwa mpaka iagizwe Mwanza. Basi natengeneza mwenyewe. Si kwa ajili ya mayai tu. Nataka kujua kama inawezekana.
Visahani vinene nimevitoa kwenye stabilaiza iliyokufa, vingine vyote humo vimeliwa na kutu. Waya, kutoka transfoma ya redio. Nimeuzungusha kwenye kigurudumu cha uzi wa cherehani, katikati nimepitisha msumari mnene. Kibati cha kuvutwa ni nusu ya bawaba. Spring ya kalamu. Waya ukiupanga ovyo koili inavimba tumbo. Nimeifumua yote nikaanza upya. Vidole vinauma. Siku nzuri.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya.
Mchana nilimaliza kuiunga. Nikaibeba nyumbani, nimwonyeshe senge jikoni. Nikaunganisha betri ya pikipiki. Tak! Bawaba imevutwa. Nilicheka kwa sauti. Nikatoa waya.
Haikuachia.
Nikahamisha betri, nikaipeleka hadi mlangoni. Bawaba bado imeng'ang'ania msumari.
Senge alirudi nyuma hatua. "Umeme hakuna, na bado kimeshika. Haya, nieleze."
Nimempa ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe. Na la aibu ni hili: pale pale, badala ya kumfikiria Mbuke, nilikuwa nawaza tu kwa nini haiachii.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimeangusha pini za kushonea mezani, zikarukia msumari. Basi ni hivyo. Msumari wenyewe umegeuka sumaku. Umeme umeondoka, sumaku imebaki. Chuma kigumu mno. Mhunzi akitaka chuma laini hukichoma, kisha hukiacha kipoe polepole. Nikachomoa msumari kwenye koili, nikauzika kwenye makaa, nikapepea.
Senge alitoka chumbani amevaa tayari, mkoba begani. Akauliza napika nini. Nikamwambia chuma kigumu kinakumbuka, kikilainishwa kinasahau. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na maneno mengine. Nikamwomba asubiri tu msumari upoe.
Ulipokuwa mwekundu niliufukia kwenye majivu. Bodaboda alifika, akapiga honi. Senge akamwambia angoje. Kijana akangoja, akachoka, akaondoka. Senge hakumwita. Alikuwa anaangalia majivu.
Msumari umepoa, nimeurudisha. Nimebandika kipande cha karatasi kichwani mwake ili bawaba isigusane nao kabisa. Kisha nikampa senge waya ashike mwenyewe.
Tak. Akatoa. Tak, imeachia.
Akarudia. Akarudia tena. Alichezea ile rilei muda mrefu kuliko mimi.
"Na ile ya kwanza ilishika kwa sababu hii hii?"
Hapo ningeweza kusema ndiyo, mambo yaishe. Nikasema hapana. Ile iliyeyuka, hii ilibaki na sumaku. Sababu mbili tofauti. "Na hakuna hata moja inayoitwa Mbuke, senge."
Senge alivua viatu, akachukua ungo, akaanza kuchagua dengu. Hakusema haendi. Hakwenda.

Jumamosi, 15 Machi
Mayai mapya yameingia. Rilei yangu iko kwenye mashine, kubwa, mbaya, nimeifunika kwa kopo la plastiki lisiingie vumbi. Visahani vinatoa cheche kidogo vinapoachana. Sipendi cheche. Nitavisugua kila wiki. Kama itashika mayai yakiwa ndani, sijui nitamwambia nini senge. Hata mganga hatahitajika, jina atalitamka mwenyewe.

Jumanne, 25 Machi
Senge kanipigia simu kibandani: hasikii tak. Nimekimbia mpaka kifua kinawaka. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tumefunika mashine kwa blanketi, tukaweka chupa za maji ya moto. Umeme uliporudi, tak. Senge akasema, "Haya," akaenda zake jikoni.

Jumamosi, 5 Aprili
Vifaranga. Si mayai yote, lakini mengi. Mashine inapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Nimefungua kopo nikaangalia visahani. Vimeingia weusi kidogo pembeni, basi. Najiuliza kama waya mnene zaidi ungepunguza joto la koili. Nitajaribu. Senge kawashika vifaranga kwenye kanga yake, mmoja mmoja. Jina la Mbuke hajalitaja tangu siku ile. Ila akikutana naye njiani anapita upande wa pili.

Jumatano, 9 Aprili
Mbuke kaniita nitazame taa yake, inacheza. Waya ulikuwa umelegea kwenye swichi, kazi ndogo. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwadila, akanipa kigoda. Kazungumza habari za pamba yake. Kauliza senge hajambo, siku hizi hasimami kuongea. Nikasema kazi zimemzidi. Hajui kitu, na mimi sitamwambia.
Kaniletea matobolwa, viazi vyake mwenyewe, kavichemsha na kuvianika. Nikauliza anafanyaje visiote ukungu. Kanieleza kwa utaratibu, tangu kuchagua viazi. Mengine kanifungia nije nayo.
Jioni nimeyaweka mezani na chai. Senge kauliza yametoka wapi. Nikasema kwa Mbuke.
Kashika kipande kimoja, kakaa nacho. Kisha kala.