Bakuli la Tano Halikuwa Langu

Mpendwa Nang Viring, dada yetu wa redio,

Miaka yote nimekusikiliza ukiwapa watu makavu yao, na leo nimekuja kuyapokea yangu, maana sina tena pa kukimbilia. Nina miaka thelathini na tisa, nachora ramani za viwanja katika ofisi moja hapa Iloilo, sina mke, na jambo pekee ninalosifiwa duniani ni la kuiba.

Kila Jumapili baada ya misa na chakula cha mchana tunakutana watano nyuma ya duka la Totong la kuziba pancha, kucheza ule mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia ulimwengu wa majini, mapango na wafalme, na wengine kila mtu anajifanya mhusika ndani yake, anasema anachofanya, kisha dadu inaamua kama amefaulu au ameumia. Msimulizi ni mimi, mwaka wa kumi na moja huu, na wananiita Nong, kaka yao, ingawa Totong ananizidi umri. Mbele yangu nasimamisha kipande cha boksi wasione daftari langu, na wote wanaamini humo mna kila kitu, nani msaliti, nini kiko nyuma ya mlango, mfalme alikufaje. Nang, humo hamna kitu. Tangu mwaka wa kwanza hamna kitu. Mimi naweka mlango tu, nanyamaza, nawasikiliza wanavyoogopa na kubishana juu ya kilichoko nyuma yake, na lile wazo zuri kuliko yote naliandika haraka haraka, wakifungua ndilo wanalolikuta, basi ni kelele, "Nong, wewe una kichwa!", nami natabasamu kama mtu aliyelipanga tangu juzi.

Na wazo zuri siku zote ni la mtu mmoja. Nimwite Salie, si jina lake. Ni dada mmoja fundi wa meno ya bandia, anachonga nta mchana kutwa redio ikiwa pembeni yake, na mezani anajifanya mwizi mzee mwenye mguu mbovu. Mwaka juzi niliwafikisha kwenye mto wenye mzee wa kuvusha watu, nia yangu awavushe tu, basi, nipate kula ibos zangu, ule wali wa kunata wa kufungwa kwenye majani, kabla hazijapoa. Salie akashika dadu asiirushe.

"Jamani, huyu mzee hajatuvusha bure," akasema. "Nadhani kila safari anachukua mtu mmoja, tena anamchukua mpaka kwenye kumbukumbu za wenzake. Hebu hesabuni mabakuli yetu ya kulia."

Totong akamcheka. "Wewe nawe! Tuko wanne, mabakuli manne."

Nikaandika. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Mnafungua mzigo. Mabakuli yako matano. La tano limechongwa jina ambalo hamlijui, kwa mwandiko wa mwizi mzee."

Totong akasimama kabisa. Salie akapiga kelele, "Nilijua! Nilijua!" Hakujua, Nang. Alibuni. Aliyejua ni mimi, nusu dakika baada yake.

Kama ingeishia pale ningeweza kulala. Lakini nikaigeuza hadithi fupi, nikaiita "Bakuli la Tano", nikaipeleka kwenye shindano la jarida moja la hapa, ikashika namba moja. Siku ya kuisoma ukumbini Salie alikaa mstari wa mbele na mama yake, akapiga makofi kuliko wote. Kumbe naye alikuwa amepeleka hadithi, haikutajwa hata jina, na mimi sikuwa na habari. Tulipotoka akaniambia bila kinyongo hata chembe, "Nong, leo nimejijua. Mimi kwangu ni kukisia tu, kubuni ni kwako. Nilikuwa najisumbua bure." Nikamjibu, "Aa, usiseme hivyo." Basi, hilo ndilo jibu langu lote.

Wiki tatu zilizopita nilinunua karanga pale uwanja wa Jaro, nikazimaliza, nikakunjua ile karatasi nipanguse vidole, nikaona mwandiko wa Salie. Ilikuwa hadithi: mwanamke amezikwa na nywele zake zinaendelea kukua chini ya ardhi mpaka zinatokea kwenye kisima cha kijiji, watu wanakunywa maji na kuanza kuota ndoto zake, na mmoja wao anaota jina la aliyemuua, halafu karatasi imechanwa hapo hapo. Nikamrudia muuzaji, mama mmoja jirani wa kina Salie.

"Karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Kanipa Salie. Alikuwa na madaftari tisa, anasema takataka, ananiletea moja moja. Nzuri hizi, nzito, hazipitishi mafuta."

Nikanunua zote zilizobaki, kumi na nne, karanga nikazimwaga mfukoni, na nikiwa nimesimama pale kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, naona aibu hata kukiandika, hakikuwa "maskini Salie". Kilikuwa "hiki kisima kitafaa Jumapili."

Hapo ndipo nilipojijua mimi.

Muuzaji anasema kwa Salie yamebaki madaftari mawili. Na mezani Salie hakisii tena, anakaa kimya, anasema hataki kuniharibia mipango yangu, na bila yeye mimi ni ukuta. Jumapili iliyopita walifungua milango mitatu mfululizo, Totong akasema, "Nong, siku hizi mapango yako yana popo tu," wakacheka, nami nikacheka nikitamani ardhi inimeze. Jarida linataka hadithi nyingine, nakaa mbele ya karatasi mpaka shingo inauma, hakuna hata sentensi moja iliyo yangu. Nikimwambia, namnyang'anya ile "Nilijua!" ya miaka kumi na moja, na ile meza ndiyo furaha pekee tuliyo nayo wote watano. Nikinyamaza, madaftari mawili yanakwisha na yeye anakwisha nayo. Kila ninapogusa panaharibika. Nifanyeje?

Wako, Daftari Tupu

NANG VIRING ANAJIBU

Wewe Daftari Tupu,

Pole. Naisema mara moja tu, maana kuna mwingine anayeihitaji zaidi yako.

Kusikiliza mezani si wizi. Bibi zetu walipotusimulia habari za mazimwi walitutazama usoni, na pale tulipoogopa ndipo walipoongeza chumvi. Ungesema siku ile ile, "Salie, hilo ni lako na limelishinda langu," mngecheka mkaendelea kula. Wizi ulianza ulipotabasamu kama mtu aliyelijua zamani. Ukamfanyia hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mwanamke mzima mwenye akili zake akaamini kwamba kila anachokiona kimeshaonwa na mwingine. Halafu unajiita mtupu ili nikuhurumie! Utupu wako ni shida yako. Shida yake ni wewe.

Na hiyo "Nilijua" unayodai kuilinda, acha kunichezea akili. Unachokilinda ni kiti chako nyuma ya boksi.

Madaftari saba hayarudi. Usingoje nikwambie kuna namna, hakuna. Yameshafungiwa karanga, yametupwa, yamenyeshewa. Hizo karatasi kumi na nne, pamoja na ile ya kisima, zinyooshe, zipange, mpe mwenyewe mkononi. Kile kisima usikiguse, hata kwa mzaha. Liandikie jarida leo, kwa jina lako halisi, useme bakuli lilitoka kwa nani. Wakikufuta, wakufute. Jumapili likunje boksi lako, kaa upande wa wachezaji, uwaambie wote watatu waliobaki ulivyokuwa unafanya. Inawezekana Salie asikae tena meza moja nawe maisha yake yote. Utavumilia.

Sasa niambie kitu kimoja. Iloilo ina magazeti, ina mapadri, ina huyo Totong wako mwenye domo. Vyote ukavipita, ukaleta barua kwenye kipindi cha redio cha saa nne asubuhi, ukaandika kwa mkono wako kwamba redio iko pembeni yake mchana kutwa. Ukabadilisha jina, ukaacha meno, nta, karanga na madaftari tisa. Ulitaka mimi nimwambie ili wewe usiuone uso wake. Haya, nimemwambia. Uso utauona. Naweka nyimbo mbili, funga hizo ramani zako, toka ofisini, nenda kwake kwa miguu kama huna usafiri.

Na wewe, dada mwenye nta mkononi. Najua umeacha kuchonga. Siwezi kukwambia usilie, wala sitakwambia umsamehe. Nitakwambia hili tu: bakuli lile hukulikisia. Halikuwepo mpaka ulipolitaja.

Mama wa karanga pale Jaro, kama unanisikia, akikuletea yale mawili usiyapokee. Funga karanga zako kwa gazeti.