Wimbo wa Mama Kwenye Seva ya Chuo

Mwende dadangu,

Kitui ni jua kali, na nimevaa lile koti ulilonichekea. Nilifika chuoni kuchukua sauti ya marehemu Mama, ile waliyoirekodia maktaba yao ya kidijitali. Fundi wa seva, mama wa rika langu, akainama. "Pole, mzee. Diski iliungua, na nakala ya akiba tuliiweka kwenye mashine hiyo hiyo." Nikamwambia hata mimi ufunguo wangu wa akiba huufungia ndani ya nyumba. Tukacheka, halafu nikamwomba anionyeshe katalogi.

Kwenye katalogi yamebaki maelezo tu: "Anaimba wimbo wa kupura ndengu. Katikati anamwita Mwende afukuze kuku."

Maneno ya wimbo nimeyasahau. Kama unakumbuka hata mstari mmoja, uimbe leo, usiningoje.

Akulinde Mungu,
Kakako Mutua