Paa Moja na Mkwe Wangu

Ngarenaro, Arusha

Mdogo wangu Omari,

Salamu kwako na kwa wote walioamka salama hapo Usangi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, nalo lina maneno yake kila mvua ikikaribia. Wewe je, kile kikohozi kimekwisha? Ng'ombe mwekundu amezaa? Na wifi yangu umempeleka kwa daktari, au bado unangoja apone kwa kutazamwa tu? Nijibu hayo kwanza ukiandika, maana barua yako haikuwa na salamu hata ya mtoto. Imeanza na hasira, imeisha na hasira.

Herufi nimezijua uzeeni, kwa mwalimu wa jioni, lakini hii naandika mwenyewe. Sitaki mtu aniwekee sukari.

Unasema umesikia kwa muuza vitunguu kwamba nimelala nyumba moja na mkwe wangu Saidi. Unasema nimeuvua nguo ukoo mzima, na wewe kama mjomba unataka mwanangu Mwajuma arudi Usangi na watoto mpaka wazee wakae kikao. Omari, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukinikojolea. Keti, usome mpaka mwisho.

Saidi, unajua, ni seremala wa bodi za malori. Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa alimletea lori akitaka ajengewe nyumba juu yake: vitanda, kabati, madirisha ya wavu, ili ampakie mkewe na watoto waende kutazama wanyama mpaka Ngorongoro. Sisi tunamkimbia nyati, wao wanamfuata na vitanda. Haya. Saidi akaijenga, na kazi yake si ya kuficha. Ilipokwisha Mgiriki akamwambia, "Pakia watu wako, zungukeni huko Momela siku tatu, mvua iwanyeshee. Likivuja nijue kabla sijampandisha mke wangu." Mwajuma akaniomba niende naye, maana ana mtoto anayenyonya, na yule mkubwa, Zuhura, hatulii mahali.

Nililizunguka lile lori mara mbili. Saidi amesimama hatua mbili kutoka kwangu, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mwajuma, muulize mwenzio, lina paa?"

"Mwambie mama lina paa la bati."

"Na mlango?"

"Mwambie mama upo, na kitasa chake."

"Na vitanda?"

"Mwambie vinne."

"Basi mwambie hiyo ni nyumba, na mimi silali nyumba moja na mkwe."

"Mwambie mama hili ni lori."

"Mwambie lori halina mapazia."

Mwajuma akapiga makofi. "Jamani, si mnasikizana! Mimi ni waya wa simu?"

Saidi akasema atalala mbele, kwenye usukani. Nikachungulia. Kumbe amekata tundu nyuma ya kiti ili watoto wa Mgiriki wapite. Nikasema tundu limeunganisha, nyumba ni ile ile moja. Basi akasema atalala chini ya lori, juu ya turubai, katikati ya magurudumu. Hakununa. Mimi nikapanda ndani nikajiona mwanamke mwenye heshima zake.

Tulipita Tengeru, tukapita Usa, tukapanda mpaka Ngurdoto. Pale kuna shimo, Omari, ungedhani mlima mzima ulizama. Ukisimama ukingoni unaona nyati huko chini, weusi, wadogo kama siafu. Ukungu unaingia na kutoka kama watu wa msibani. Tukalala karibu na hapo. Mvua ndogo ilinyesha, na juu hata tone moja halikupita.

Asubuhi Saidi hakunywa chai. Uso wake ulikuwa kama majivu. Mimi nikamwambia Mwajuma, kwa sauti ya kumfikia yeye, "Mwanamume akilala nje siku moja tu ndiyo anasusa chai?" Akaenda kuwasha gari.

Momela kuna maziwa, moja baada ya jingine, maji yake yana magadi, hayanyweki. Lakini ukingoni wamejaa heroe, ndege wa rangi ya waridi, hata maji huyaoni. Zuhura akaniambia, "Bibi, maua yanatembea!" Nikamwambia maua hayapigi kelele namna hiyo. Lakini nilitazama, sikuficha, nilitazama mpaka shingo ikauma. Kilimanjaro nayo ilijitokeza upande wa pili, nyeupe, kisha ikajifunika kama bi harusi.

Jua lilipokuwa linatua, mvua ikashuka kutoka Meru, mvua ya mawe. Sisi tukafunga mlango. Tukasikia maji yanapita chini yetu kama mfereji. Mwajuma akapiga kelele kwenye mbao za sakafu, "Baba Zuhura! Uko salama?" Akajibu, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi." Baadaye kidogo hakujibu tena. Nikaweka mkono sakafuni nikasikia mbao zinatetemeka. Amejiegemeza huko chini, homa imemshika.

Mwajuma akafungua mlango akamwita aingie. Akakataa. Alikataa, Omari, meno yanagongana. "Mwambie mama sitamvunjia heshima."

Mpwa wako akanigeukia. "Mama, mume wangu anakufa, na wewe umekalia kitanda."

Nikashuka. Na goti langu hili, kwenye mawe ya mvua, na nyati amesimama pale ziwani ananitazama. Saidi ameshikilia gurudumu, maji yanampitia mbavuni. Nikasema, "Saidi, ingia ndani."

Akaangalia gurudumu. "Mwajuma, mwambie mama..."

"Mwajuma hayupo hapa. Nasema na wewe. Simama."

Akasimama, akaanguka. Nikamshika kwapani nikamvuta mpaka mlangoni. Nimemshika kwa mikono yangu. Hilo nalo liandike, maana muuza vitunguu hakulijua.

Tulimlaza kwenye kitanda changu. Kulikuwa na kwinini katika sanduku la dawa la Mgiriki. Mimi nilimshika kichwa, Mwajuma akamnywesha. Kisha nikakaa sakafuni, nimeuelekea mlango, mpaka kukapambazuka. Asubuhi jasho lilimtoka akaomba chai. Aliponiona akajifunika blanketi usoni. Mimi nikajifunika kanga. Mwajuma akatucheka mpaka akalia.

Tuliporudi mambo yakawa kama zamani. Ananipitia mbali, ninamsemesha kupitia kwa mkewe. Halafu barua yako ikaja, Mwajuma akaisoma mbele yake. Kesho yake nikaenda kwao, nikamkuta Saidi anapanga nguo za Mwajuma na za watoto katika sanduku, machozi yanamdondoka. Anasema ni heri ampoteze mke kuliko mimi niitwe mbele ya wazee kwa ajili yake.

Nimezitoa nguo zote. Nimezirudisha kabatini moja moja. Mwajuma haji.

Mimi nimekosa, Omari, sikatai. Lakini kosa langu si lile uliloliandika. Kosa langu ni kwamba mtoto wa watu alilala chini ya kitanda changu kama mbwa, mgonjwa, na mimi juu yake najisifu. Wazee wakitaka kikao, waniite mimi. Waniulize hilo la kumlaza chini, nitajibu.

Nisalimie wifi yangu, umwambie asikusikilize, aende kwa daktari. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, na imamu, na jirani yetu mfinyanzi wa vyungu. Muuza vitunguu usimsalimie. Zuhura anakuamkia shikamoo, babu.

Na andika barua nyingine, fupi, kwa jina la Saidi. Umwambie mjomba wa mkewe amesema akae na mke wake. Kutoka kwangu hataamini, maana maneno yangu bado yanamfikia kwa kinywa cha Mwajuma. Iandike leo.

Ni mimi dada yako,
Mama Mwajuma