Sufuria ya Mama Atu

Kihesa, Jumapili

Asubuhi nimeamka mgongo hauniumi hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera. Jana tumemwoza binti yetu Neema. Mama gani anaoza binti halafu anaamka mzima hivi?

Baba yake ndiye aliyetaka hoteli ya mjini. Wahudumu walipita na sahani, na sisi wamama wa huku Kihesa tukakaa mikono mapajani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Chakula kilikuwa kizuri, sikatai. Lakini hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi.

Dada yake Neema alipoolewa tulipika hapa uani, na jirani yangu Mama Atu alishinda jikoni kwangu siku tatu. Pilau ilipikwa kwenye sufuria yake kubwa, ile aliyoipaka rangi nyekundu kitakoni isije ikapotea. Safari hii sikumwomba hata mwiko. Jana alinisalimia, akala, akaondoka. Nililala nikijua nimemuudhi.

Leo baada ya kanisa nikasikia salamu ya Kihehe mlangoni, "Kamwene!" Mama Atu, kajifunga khanga ya kazi.

"Nimefuata sufuria yangu."

"Jamani, mwenzangu, safari hii sikuiazima."

"Najua. Lakini kesho yake ya harusi huwa naifuata."

Akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akavuta kigoda. Tukatoa masufuria yangu yote, masafi, tukayasugua upya huku tukiwasema wale wahudumu, mpaka jioni.

Sasa mgongo unauma. Unauma vizuri.