Kitambaa cha Bluu Shingoni mwa Chupa

Gari lako lilikuwa limeshatoka getini, mdogo wangu, asubuhi ile mwaka ulipotimia tangu ututoke. Binti yako alikaa kwenye usukani. Mkeo alikuwa pembeni yake, ameibana ndoo ya maua kwa miguu. Mimi nilikaa nyuma, na mjukuu wako amelala mapajani pangu. Tulikuwa tunakuja kwako makaburini. Majirani walitoka kutazama, na mmoja akauliza Bikizee, jina ulilolipa gari lako, kaamka lini. Binti yako akamjibu kwa ile honi yenye mafua. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba tumepanda gari lisilo na breki.

Wamenipa mimi kazi ya kuandika notisi hii ya kumbukumbu yako kwa sababu mkeo kila akishika kalamu anaiweka chini. Shule mimi niliidonoadonoa tu, kila mji kidogo, kwa hiyo nikikosea utanisamehe, kama ulivyozoea kunisamehe kila niliporudi bila taarifa na kiatu kimoja kimeachama.

Ulikuwa fundi saa. Maisha yako yote uliinamia saa za watu, lenzi jichoni, pumzi umeibana ili kijichuma kisipeperuke. Ulipoliburuta nyumbani lile bodi la gari, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma na vioo hamna, mkeo alikuuliza unataka kulifuga au kulizika. Ukasema umechoka na vitu vidogo. Unataka kitu ambacho kikianguka chini utakiona.

Ulilikwangua kutu kwa msasa mpaka kucha zikaisha. Viti ulivishona mwenyewe, mshono mdogo mdogo kama wa shati la mtoto. Kabureta uliifungua juu ya meza ya chakula, na siku zote ilizokaa pale tulikula tumesimama jikoni, hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Nikeli ya bampa uliisugua mpaka mkeo akawa anafungia kitambaa cha kichwa mbele yake, kioo cha chumbani amekiacha. Miaka ilikwenda. Siku injini ilipowaka uliizima haraka, ukakaa chini ukutani, ukasema moyo unakwenda mbio, subirini kwanza.

Ulikuwa mwoga, ndugu yangu, na sote tulikucheka. Mtaa mzima walikuita Taratibu. Kabla ya safari uliligusa kila gurudumu, nati moja baada ya nyingine, sisi tumeshakaa ndani tunatoka jasho. Gari likisimama, hata uani penye sakafu bapa, ulilitia kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi. Mkeo akakuuliza, gari limefungiwa uani, litakimbilia wapi? Ukamwambia, "Anajua mwenyewe."

Ile barabara inayoteremka kutoka kwenu mpaka njia ya malori, wenzako waliishuka kwa raha. Wewe ulisimama juu kabisa, ukaingiza gia namba mbili, ndipo ukaanza kushuka, injini inalia kama imeonewa. Binti yako ulipomfundisha ulimshusha hivyo hivyo mpaka akaona aibu kwa wenzake. Mimi niliyelala vituo vya mabasi vya nchi za watu, niliyepanda juu ya mizigo ya malori nikasinzia, nilikwambia unalidhalilisha gari. Ulinipa tu mkanda wa kiti uliouongeza kwa mkono wako, ukasema funga.

Mwaka jana tulikukuta umekaa kwenye kiti cha dereva. Tulidhani unasikiliza kitu. Gari lilikuwa limezimwa, na kabari ziko mahali pake.

Mkeo hakutaka Bikizee afe nawe. Kila wiki aliingia, akavuta kile kitufe cha choki, akawasha injini ikanguruma kidogo, akazima. Alifungua boneti akatazama kile kikopo cha mafuta ya breki, kama ulivyomwonyesha, na kikipungua alikijaza. Chupa zako zote unazijua, zile za juisi, hazina maandishi. Ulisema karatasi haishiki penye mafuta. Alama yako ilikuwa kitambaa shingoni mwa chupa. Bluu, ya shati lako la zamani, ni breki. Ya maua, ya gauni lake, ni injini.

Sasa turudi kwenye mteremko wa asubuhi ile.

Binti yako alisimama juu, kama ulivyosimama wewe, akaingiza namba mbili. Mkeo akatabasamu, akasema huyu ni baba yake mtupu. Tukaanza kushuka. Katikati akatokea mtu wa mkokoteni, amejaza madumu ya maji, anakata barabara bila haraka yoyote. Niliona mguu wa binti yako unakanyaga. Ukakanyaga tena. Halafu niliona bega lake linapanda, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeogopa kumwamsha mtoto:

"Baba mkubwa, breki hamna."

Mimi nimeogopa mara chache katika maisha yangu, na zote niliweza kukimbia. Safari hii mlango ulikuwa karibu na mtoto alikuwa mapajani. Huko chini niliyaona malori yanapita, moja linafuata jingine, matela marefu. Nilimkumbatia mjukuu wako nikamgeuza uso kifuani, nikajipinda juu yake. Nikamwambia binti yako avute breki ya mkono.

"Siyo yote kwa mpigo," akasema. "Baba alikataza."

Akaivuta kidogo, akaachia, akavuta tena. Waya ule uliubadilisha wewe mwenyewe, nakumbuka, ukautia grisi kwa vidole. Kisha mkono uleule, mwingine hauachii usukani, ukauendea ule mti wa gia ulioko pembeni yake, akaulazimisha kwenda namba moja. Meno ya gia yalisagana kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo nikilala. Mkeo hakupiga kelele. Alikuwa anakuita wewe, jina lako la nyumbani, polepole, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Tulimpita mwenye mkokoteni kwa upana wa kiganja. Pale pembeni, mbele ya nyumba inayojengwa, palikuwa na lundo la mchanga. Binti yako akalielekeza Bikizee huko. Gari likaingia kwa pua. Maua yakamwagika. Injini ikazimika, na mjukuu wako akafungua macho akauliza kama tumefika.

Haukuwa umbali mkubwa kutoka pale mpaka kwenye malori. Kama tungeshuka kwa namba nne, kwa raha kama nilivyotaka mimi siku zote, notisi hii ingeandikwa na mtu mwingine na ingetaja watu wengi zaidi.

Watu wakajaa. Mwenye mkokoteni alikuwa anatweta, ila alipolitambua gari akatikisa kichwa, akasema, "Hili si la Taratibu? Hata ajali yake ni ya polepole." Tulicheka mpaka binti yako akaanza kulia, naye akalia muda mrefu, kichwa kwenye usukani.

Fundi wa gereji ya jirani, yule uliyekuwa ukibishana naye kila siku kuhusu plagi, alikuja kutuvuta kwa kamba. Alifungua akakuta raba za breki zimevimba, laini kama mkate uliolowa. Akauliza tulitia mafuta gani. Mkeo akamletea chupa yenye kitambaa cha bluu. Fundi akanusa, akachovya kidole, akanusa tena.

"Mama, hii ni oili ya injini. Hii inazimaliza raba za breki."

Mkeo akaeleza. Siku zile za msiba aliona vitambaa vyako vimejaa mafuta. Hakupenda wageni waone shati lako katika hali ile. Akavifungua vyote, akavifua kwa sabuni, akavianika, akavirudisha shingoni mwa chupa kimoja kimoja, kwa mafundo mazuri, kwa kubahatisha, maana chupa zote zinafanana.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ulifua nguo ya baba," binti yako akamwambia. "Basi."

Na hakuna atakayeongeza neno, ndugu yangu.

Siku ile tulifika kwako kwa miguu, jua limeshakuwa kali, na maua yaliyobaki yalikuwa na mchanga. Utatuwia radhi.

Sasa hali ni hii. Bikizee ametiwa raba mpya na mabomba yake yamesafishwa. Binti yako anaendesha, anagusa nati za kila gurudumu kwanza, na wenzake wanamcheka. Mjukuu wako hakumbuki lolote, anaupenda mchanga. Fundi ameandika chupa zako zote kwa rangi, na vitambaa vimebaki palepale. Mkeo hajapanda gari tangu siku ile. Anatembea, na kila jioni anakwenda uani kuhakikisha kabari zimekaa. Mimi nilikuwa niondoke kesho yake. Begi langu lipo nyuma ya mlango. Nimefika kituo cha mabasi mara mbili nikarudi, kwa sababu kila basi nikilitazama najiuliza nani amelinusia chupa zake.

Tunaokukumbuka: mkeo, binti yako, mjukuu wako, fundi jirani aliyeomba atajwe, na mimi kaka yako. Kila mteremko tutakaoushuka, tutaushuka nawe, kwa namba mbili.