Zuwena Hana Namba, Baba

Mpendwa Baba,

Zuwena amefaulu. Ningependa barua iishie hapo, maana habari hiyo uliingoja tangu alipokuwa akisoma sakafuni, vitabu kavitandaza hata wewe na sinia yako ya tende hukuwa na pa kupita.

Siku tatu mdogo wangu anajaza fomu ya chuo kikuu kwenye simu ya kuazima. Fomu inataka namba ya bataka, kile kitambulisho, kabla hata ya kuuliza jina. Hatuna sote, nawe ulikufa huna. Kijana wa usajili alisema kwa upole, "Dada, alama zake nzuri mno, lakini bila namba haifunguki." Nikauliza msaada wa ada. "Huo nao unataka namba ile ile."

Nimechoka na upole wao. Shule ilimsomesha tangu mdogo, ikampa zawadi mbele ya wazee wa wenziwe. Leo ndiyo hajulikani? Faili letu la uraia waliangalie hata miaka kumi, lakini yeye asome huku wanaliangalia, na msaada apewe kama wenziwe. Hakuliandika yeye.

Nawe nimekukasirikia, unisamehe. Faili lilitaka mzee mmoja tu wa Al Qabil, mji wa asili yetu, atie saini kwamba anaujua ukoo wetu, tangu babu hajahamia Tabora nasi hatujarudi huku. Unazikumbuka Ijumaa zile kwa Ami Khalfan, mzee wa huko? Dishdasha umeipiga pasi, karatasi umeikunja mfukoni. Kahawa ikaja, naye akauliza kama mwenyeji aulizavyo, "Haya, habari za kwenu?" Nawe ukajibu kama mgeni ajibuvyo, "Kheri tu, Ami, hapana jipya." Ukatikisa kikombe kuonyesha yatosha, tukaaga.

Ndani ya gari la jirani ukanambia, "Mtu akunywesha kahawa yake, wewe umtolee karatasi? Atasema nimemjia kwa haja."

"Lakini tumemjia kwa haja, Baba!"

Ukacheka njia nzima mpaka tukaingia mjini Ibra.

Karatasi niliikuta mfukoni tulipogawa nguo zako.

Jana nilimpelekea Ami, mimi na Zuwena. Haoni vizuri tena. Alinishika mkono akaniuliza habari, na ile "kheri tu" yako ikanipanda kooni. Zuwena akakiweka kikombe chini.

"Si kheri, Ami. Nimefaulu na sina pa kwenda."

Mzee akaigeukia sauti yake. Kisha akasema, "Ijumaa zote zile! Kumbe baba yenu alikuwa na neno?" Akaomba kalamu.

Saini tunayo sasa. Afisini wamesema faili litachukua muda, na usajili unafungwa Alkhamisi. Nitakuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua, na Zuwena kando yangu.

Mungu akulaze pema, Baba. Wakituuliza habari, hatutasema kheri.

Binti yako mkubwa